Jinsi ya Kusikiliza Mahojiano ya Saa Mbili na Mtengenezaji Gemu, Ukatoka na Kitu cha Kutumia: Mwongozo Kamili

Kila Jumamosi vijana wanane hadi kumi hukusanyika kwenye chumba kimoja Makindye, Kampala, kujifunza kutengeneza gemu. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana wengine wametoka Arua, wengine Busia, na wengine wazazi wao walivuka kutoka Kongo. Mara nyingi nimewapa kazi moja: nenda ukasikilize podikasti hii, ni saa mbili na mtengenezaji wa gemu unayoipenda, kisha uje utuambie umepata nini.

Mara nyingi wamerudi mikono mitupu. Mmoja bando lilimwishia dakika ya arobaini. Mwingine alisinzia. Wa tatu alisikiliza yote mpaka tangazo la mwisho, na tulipomuuliza amejifunza nini akajibu, "Amesema tujitahidi."

Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Saa mbili za maarifa ambayo watu wamelipia kwa miaka ya jasho, na kilichobaki ni neno ambalo hata shangazi yake angemwambia bure. Wala hakuwa mvivu. Alikaa mbele ya fundi bila kitu mkononi. Ukienda Katwe ukasimama kumtazama mchomeleaji huku huna chuma chako, utaona cheche tu. Ukienda na lango lako lililovunjika bawaba, kila anachofanya kitakuwa na maana kwako. Hatua zote zilizo hapa chini zinajengwa juu ya jambo hilo.

## Vifaa

Simu ya Android yenye nafasi ya MB 500 iliyo wazi. Haihitaji kuwa mpya. Kadi ya kumbukumbu inasaidia sana.

Programu ya podikasti. Ninapendekeza AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo yake, na unaweza kuiagiza ipakue kwa Wi-Fi pekee. Spotify nayo inafanya kazi Uganda tangu 2021. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokupeleka Google Podcasts, yapite, kwa kuwa ilifungwa 2024.

Hedfoni za waya. Hazihitaji chaji, na umeme ukikatika usiku mzima bado zinafanya kazi.

Daftari la karatasi na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukifungua simu kuandika, ujumbe wa WhatsApp utakusubiri hapo, na dakika kumi zitapotea bila wewe kujua.

Gemu inayozungumziwa, au ndugu yake wa karibu. Hiki ndicho kifaa kinachosahaulika na watu wote.

Mtu mmoja wa kumsimulia. Awe dada, jirani, au mwenzako wa darasani. Si lazima ajue chochote kuhusu gemu.

Kompyuta huhitaji. Intaneti ya kasi pia huhitaji.

## Hatua ya 1: Cheza kwanza, angalau saa tatu

Watu huanza na mahojiano, kisha wakipenda wanatafuta gemu. Geuza mpangilio huo. Mtengenezaji akisema, "tulibadilisha kuruka mara ishirini," maneno hayo hayana uzito kwa mtu ambaye kidole chake hakijawahi kuruka humo. Aliyekwisha kucheza atakumbuka mahali alipokufa mara kumi, na ghafla jibu lina mahali pa kukaa.

Gharama isikutishe. Celeste iliyotoka 2018 inataka kompyuta au mashine ya gemu, lakini mbegu yake ni gemu ndogo iliyotengenezwa na Maddy Thorson na Noel Berry kwa siku 4 tu mwaka 2015, na hadi leo inachezwa bure kwenye kivinjari. Spelunky ya kwanza, ya Derek Yu, ilitolewa bure mwaka 2008 na inakubali hata kompyuta chakavu ya Windows. Stardew Valley ipo kwenye simu. Ni ya kulipia, lakini unailipia mara moja basi.

Ukicheza, andika maswali matatu tu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Yawe maswali ya mtu aliyekereka au aliyeshangaa: Kwa nini hapa sioni ramani? Kwa nini duka hufungwa siku hii? Kwa nini nikianguka narudishwa karibu hivi?

*Onyo:* usiandike maswali makubwa kama "nitafanikiwaje katika sekta ya gemu." Ndiyo yaliyomletea yule kijana jibu la "tujitahidi."

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole sehemu ya gemu inayokusumbua akili.

## Hatua ya 2: Chagua kipindi kwa kumwangalia anayeuliza

Jina kubwa la mgeni halitoshi. Mtazame mhojaji. Mhojaji ambaye mwenyewe ametengeneza gemu huuliza swali la pili, lile linalofuata jibu la kwanza, na humo ndimo mna nyama.

Podikasti ya Designer Notes inaendeshwa na Soren Johnson, aliyeongoza usanifu wa gemu ya Civilization IV mwaka 2005. Mahojiano yake ni marefu mno, mengine yamegawanywa sehemu kadhaa, na hamwachi mgeni aruke mradi hata mmoja wa maisha yake. The AIAS Game Maker's Notebook ilianza ikiendeshwa na Ted Price, mwanzilishi wa Insomniac Games, na humo wakuu wa studio huzungumza wao kwa wao. Tone Control ya Steve Gaynor, mmoja wa waliotengeneza Gone Home, ina utulivu mzuri kwa anayeanza. Eggplant ilianza kama kipindi cha kuzungumzia Spelunky pekee, na imebaki na tabia ile ya kuchimba jambo moja mpaka chini.

My Perfect Console ya Simon Parkin ni tofauti kidogo. Parkin ni mwandishi wa habari, na kila mgeni huchagua gemu tano za maisha yake. Ni nzuri kwa kumjua mtu. Kwa kujifunza kazi ya mikono, ningeiweka ya pili.

Sasa tazama tarehe. Mahojiano yaliyorekodiwa wiki ile gemu inatoka ni ya kuuza. Mgeni ana bidhaa sokoni, ana mkataba, na hawezi kukuambia kilichoharibika. Tafuta yaliyorekodiwa mwaka mmoja au zaidi baada ya gemu kutoka. Mtu amelala vizuri, deni limelipwa au limeshindikana, na ulimi umelegea.

*Umefaulu ikiwa:* umechagua mahojiano MAMOJA. Nimeona simu zenye mahojiano arobaini yaliyopakuliwa na hata moja halijafika dakika ya kumi.

## Hatua ya 3: Pakua mara moja, kwa hesabu

Hapa ndipo bando linapofia. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa, kwa hiyo mahojiano ya saa mbili ni karibu MB 115. Ya kilobiti 64 hula nusu yake, karibu MB 29 kwa saa. Ukiyatazama mahojiano hayo hayo kama video, utalipia picha ya watu wawili waliokaa kwenye viti, na bei yake ni mara kadhaa ya hiyo.

Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni, kisha ukarudia mara ya pili kama nitakavyokuomba, umelipa mara mbili, ushuru na yote. Ukipakua, umelipa mara moja.

Fanya hivi:

1. Fungua AntennaPod, tafuta kipindi kwa jina, na kabla hujakifuata ingia kwenye mipangilio uzime upakuaji wa kujiendesha.
2. Kwenye mipangilio hiyo hiyo, ruhusu upakuaji kwa Wi-Fi tu, isipokuwa kama una bando la usiku.
3. Elekeza hifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu.
4. Pakua mahojiano moja. Tazama ukubwa wake kwanza.
5. Zima data, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha bonyeza kusikiliza.

*Onyo:* namba ya kwanza usiiruke. Kijana mmoja wetu alifuata vipindi sita jioni, na asubuhi bando la wiki nzima lilikuwa limekwisha wakati amelala.

*Umefaulu ikiwa:* sauti inacheza simu ikiwa kwenye hali ya ndege, hata ukisogeza mpaka dakika ya mwisho.

## Hatua ya 4: Jua maneno yao kabla hujayasikia

Wengi wetu Kiingereza tunakijua. Tumesoma kwacho. Kinachotuangusha ni maneno ya kazi, ambayo watu hawa huyatamka haraka wakidhani kila mtu anayajua. Neno moja usiloelewa hukufanya ukose sentensi tatu zinazofuata, kwa kuwa akili imebaki nyuma ikilitafuta. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi. Nimeyaandika kama sikio litakavyoyapokea.

Prototaipu ni gemu ya majaribio isiyo na sura. Vibonge vya rangi badala ya wahusika, bila muziki. Inajibu swali moja: je, kitendo chenyewe kinafurahisha?

Skopu ni ukubwa wa kazi uliyojipa. Wakisema skopu ilikua, wanamaanisha walianza kujenga kibanda wakajikuta na ghorofa lisilo na paa.

Pablisha ni mwenye fedha na mlango wa soko. Hutoa pesa, hutangaza, na huchukua sehemu ya mapato.

Mailistoni ni awamu za malipo. Utaelewa mara moja ukifikiria fundi wa nyumba: analipwa msingi ukimalizika, analipwa tena kuta zikifika kwenye linta, na akichelewa kwenye linta halipwi. Studio nyingi unazosikia zimekufa zilifia kwenye linta.

Rikupu ni pablisha kurudisha pesa zake kwanza kabla ya mtengenezaji kuonja mapato. Neno hili lishike vizuri. Mgeni akisema gemu iliuza sana lakini hawakupata kitu, jibu mara nyingi limejificha hapa.

Vatiko slaisi ni kipande kimoja cha gemu kilichokamilishwa kabisa, sura, sauti na yote, ili mwenye pesa aone ladha. Kama kukata kipande kimoja cha keki ambayo haijaokwa. Ndiyo maana huwatesa.

Krunchi ni wiki au miezi ya kufanya kazi usiku na mwisho wa wiki ili gemu itoke. Wengine huisimulia kwa fahari. Sikiliza mpaka mwisho wa simulizi: mara nyingi kuna ndoa, mgongo au rafiki aliyeondoka.

Pleitesti ni kumpa mtu gemu aicheze huku wewe umefunga mdomo ukitazama.

Poti ni kuihamisha gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka kompyuta kwenda simu.

Koyoti taimu ni fremu chache, yaani picha chache za mwendo zinazopita chini ya sekunde moja, ambazo gemu inakuruhusu kuruka hata baada ya mguu kuvuka ukingo. Celeste inayo. Ukisikia watu wakisifu gemu kuwa "inasamehe," mara nyingi ni mambo madogo kama haya.

Yanakili yote kwenye kurasa za nyuma za daftari. Acha nafasi, utaongeza mengine.

## Hatua ya 5: Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika

Gawa saa mbili katika vipande vya dakika 30. Kipande kimoja kwa siku kinatosha. Akili iliyochoka husikia sauti tu.

Mara ya kwanza mikono iwe na kazi nyepesi: kuosha vyombo, kupiga pasi, kukaa kwenye teksi kutoka Ntinda wakati foleni ya Jinja Road imesimama. Usiandike kitu. Unamzoea mtu, lafudhi yake, anavyocheka, anapokwepa. Weka kasi ya kawaida, na kama lafudhi inakushinda ishushe hadi 0.9 kwa dakika ishirini za mwanzo. Usipandishe hadi 1.5 kama wanavyojisifu watu. Na kile kitufe cha kuruka ukimya kizime. Mgeni akiulizwa kuhusu mradi ulioshindwa na akanyamaza sekunde nne kabla ya kujibu, ukimya ule ni sehemu ya jibu.

*Onyo la usalama:* juu ya boda usivae hedfoni kabisa. Ukitembea kwenye Taxi Park ya zamani au Kikuubo, toa, tia simu mfukoni. Huwezi kusikia baiskeli ya mizigo nyuma yako, na mwenye mikono myepesi anaona waya unaomwonyesha simu ilipo.

*Umefaulu ikiwa:* jioni unaweza kumsimulia yule mtu wako hadithi moja ya kipande hicho, naye akauliza, "Kisha?"

## Hatua ya 6: Sikiliza mara ya pili ukiwa na safu nne

Ukiniambia una nguvu ya kufuata hatua moja tu katika mwongozo huu, fuata hii.

Kaa mezani. Piga mistari ukurasa uwe na safu nne: Tatizo, Walichojaribu, Uamuzi, Gharama. Kisha cheza mahojiano na usimamishe kila mara mgeni anaposimulia kwamba alichagua jambo moja akaacha jingine. Ndicho unachowinda. Maisha yake ya utotoni, tuzo, pongezi, yote yapite. Uamuzi ndio chuma.

Kwa nini safu nne na siyo maelezo huru? Kwa sababu ukiandika huru utaandika maneno matamu. Safu zinakulazimisha uulize kilichokosekana. Safu ya Gharama ikibaki tupu, ujue mgeni hajakuambia kila kitu, au wewe hukusikia. Rudisha nyuma dakika tatu.

Nitakupa mfano uliojazwa, wa Prince of Persia ya Jordan Mechner, iliyotoka 1989 kwenye kompyuta ya Apple II.

Tatizo. Mechner alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akachora mienendo ile picha kwa picha. Mwana wa mfalme, shujaa wa gemu, akawa anatembea kama mtu kweli. Lakini picha zile zilimeza kumbukumbu ndogo ya mashine. Gemu ikawa na mitego na kuruka, bila adui wa kupambana naye, na ilianza kuchosha.

Walichojaribu. Rafiki yake alimsukuma aongeze mapigano. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba nafasi haipo.

Uamuzi. Atumie picha zile zile za shujaa, zibadilishwe kwa hesabu ndogo ya kompyuta zionekane kama kivuli. Adui akapatikana karibu bila kuongeza kumbukumbu. Kivuli hicho kinatoka ndani ya kioo, na kwa kuwa ni sura ya shujaa mwenyewe, kikawa kiini cha hadithi. Baadaye alibana nafasi zaidi akaweka walinzi wa kupigana nao kwa panga.

Gharama. Kazi ya kubana upya kile alichodhani amekimaliza, katika mradi ulioendelea takriban miaka minne.

Tazama kilichotokea hapo. Aliyesikiliza kwa sikio la redio atasema, "Alikuwa mbunifu." Aliyejaza safu nne anaondoka na kifaa: *ukikosa nafasi, mtumie shujaa wako kama adui.* Kijana anayetengeneza gemu ya simu ya bei nafuu, yenye nafasi finyu, anaweza kukitumia kesho asubuhi. Ndiyo sababu ninawapenda hawa wa zamani. Shida zao za kumbukumbu ndogo zinafanana na zetu kuliko shida za studio ya watu mia tatu.

*Onyo:* maamuzi matatu hadi matano kwa saa yanatosha. Ukiandika ishirini, umerudi kwenye kunakili.

*Umefaulu ikiwa:* angalau swali moja kati ya matatu ya Hatua ya 1 limejibiwa, au umegundua kwamba lilikuwa swali lisilo sahihi. La pili lina thamani zaidi.

## Hatua ya 7: Uliza nani alilipa kodi ya nyumba

Kila mahojiano yana swali ambalo mhojaji husahau kuuliza: wakati gemu inatengenezwa, nani alikuwa analipa kodi na chakula? Liandike chini ya ukurasa na ulitafutie jibu.

Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake, picha, muziki, hadithi na uandishi wa programu yenyewe, kwa takriban miaka minne na nusu hadi ilipotoka Februari 2016. Vijana hushika neno "peke yake" na kuacha kazi. Lakini ukisikiliza vizuri anavyosimulia, kuna mwenzi wake aliyebeba mzigo wa nyumba, na kuna kazi ya muda ya kuelekeza watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho mjini Seattle. Hayo hayapunguzi heshima yake hata chembe. Yanakuonyesha ramani yote badala ya nusu.

Swali hilo hilo mpelekee Lual Mayen, ambaye simulizi lake linatuhusu kwa karibu. Ni Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu yake, Salaam, inamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia, na baadaye alianzisha studio ya Junub Games huko Marekani. Tafuta mahojiano yake na uyape saa zako mbili. Ukifika kwenye habari ya mama, usiipite kama utangulizi wa kugusa moyo. Iandike kwenye safu ya Gharama. Ndiye mwekezaji wa kwanza wa gemu ile.

Jambo jingine la kupima ni kumbukumbu. Mtu anayesimulia mambo ya miaka kumi nyuma huyanyoosha, yakaonekana kama alijua njia tangu mwanzo. Akisema "tuliamua," jiulize kama hawakusukumwa tu. Na wanaoalikwa wengi ni waliofaulu. Waliofanya yale yale wakashindwa hawako studioni.

## Hatua ya 8: Jaribu uamuzi mmoja ndani ya siku saba

Chagua uamuzi mmoja kutoka safu zako, ule mdogo kabisa, na uufanye kwa mikono yako kabla wiki haijaisha. Baada ya siku saba joto hupoa na daftari huwa makumbusho.

Huna kompyuta? Chukua karata. Kila mtu hapa Uganda anaujua mchezo wa karata uitwao Matatu, na Kola Studios ya Kampala iliupeleka mpaka kwenye simu. Badilisha kanuni moja ya Matatu kulingana na ulichosikia, kisha cheza na watu watatu. Msichana mmoja wa kundi letu alisikiliza mahojiano kuhusu kumsamehe mchezaji, akaongeza kanuni kwamba anayebebeshwa karata nyingi anaruhusiwa kurudisha moja. Mezani palizuka kelele. Waliokuwa wakikata tamaa mapema walibaki mpaka mwisho, na wababe walilalamika. Hiyo ni pleitesti kamili, bila umeme. Ubao wa omweso, bao la kwetu Uganda, nao unafaa vivyo hivyo.

Mwenye kompyuta au simu yenye nguvu atumie Godot. Ni injini ya gemu ya bure, yaani programu ya kujengea gemu, na kihariri chake kipo hata kwa Android. Tengeneza chumba kimoja, kitendo kimoja. Usijenge gemu nzima.

*Onyo:* wakati mtu anajaribu, usimweleze. Ukimwambia "hapo unabonyeza hivi," jaribio limeharibika. Kaa juu ya mikono yako ikibidi.

*Umefaulu ikiwa:* mtu asiye rafiki yako amecheza, na umeandika sentensi mbili za alichofanya, siyo alichosema. Watu wa kwetu wana adabu, watakwambia ni nzuri.

## Hatua ya 9: Sikilizeni pamoja

Mmoja apakue, spika moja iwekwe katikati, muwe watu wanne hadi sita. Msicheze zaidi ya dakika 30. Yeyote akisikia uamuzi anainua mkono, mnasimamisha, na mnaueleza kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Kutafsiri kwa sauti kunafichua haraka nani ameelewa na nani anaitikia tu.

Tuna kanuni moja: aliyezungumza kidogo kuliko wote ndiye anayefunga kwa muhtasari. Mara ya kwanza ni aibu. Mara ya tatu wanakuwa wamejiandaa.

Chai na chapati zisubiri baada ya kazi.

## Ukikwama

Unasinzia. Unasikiliza ukiwa umelala. Kaa, au simama ufue nguo. Ukisinzia tena, kipande cha dakika 30 kifanye 15.

Lafudhi inakushinda kabisa. Tafuta kama mahojiano hayo yapo YouTube, ambako maneno huandikwa chini yenyewe. Tazama dakika kumi tu za kwanza kwa video ya ubora wa chini kabisa, sikio lizoee, kisha rudi kwenye sauti uliyopakua.

Mgeni anarudia maneno matamu tu. Mpe dakika 40. Kama safu ya Uamuzi bado tupu, futa na uchague mwingine. Hudaiwi.

Gemu yake huwezi kuipata popote. Tazama mtu akiicheza kwa dakika 20, andika maswali yako matatu kutoka hapo, na uweke alama ya nyota kwenye ukurasa ili ukumbuke kwamba kidole chako hakikugusa.

Simu imejaa. Futa sauti ukishamaliza Hatua ya 6. Daftari usilitupe. La kwanza la kundi letu jalada limetoka na kurasa zimechafuka kwa mafuta ya chapati, na Jumamosi iliyopita ndilo tulilolifungua kumjibu mgeni aliyeuliza kwa nini adui wa gemu yetu ana sura ya shujaa.